Maswali ya Wasomaji: Taco za Jioni Zisizochuruzika Maji

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja zikiulizia mlo mmoja, taco, na karibu zote zinalalamikia jambo moja ingawa walioziandika hawakulitambua hivyo. Nimechagua tano. Nimeliacha jina lenyewe katika tahajia ya Kihispania kwa makusudi, kwani msomaji atakayelitia k badala ya c ataona mara moja kwa nini halifai kutajwa mezani mbele ya wakwe. Mkate mwembamba wa duara unaokunjwa ndani yake nyama nitauita tortiya, kama unavyotamkwa.

Shikamoo, Mama Mpishi. Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi hunirudisha nyumbani saa kumi na mbili jioni, wakati watoto wameshaanza kuulizia chakula. Nimejaribu taco za nyama ya kusaga mara mbili. Mara zote mbili nyama ilitoa maji mengi ikawa kama imechemshwa, tortiya zilipasuka mikononi, na zukini, zile mboga changa za jamii ya boga, nilizopika ziwe mboga ya kuandamana nazo zilirojeka hata mume wangu, asiyechagua chakula, akaziacha. Naomba njia ya haraka ya kuwalisha watu watano bila fedheha.

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia matatizo matatu, nami nimeyasoma yote kama tatizo moja, nalo ni maji. Nyama ya kusaga ina maji, nyanya ina maji, na zukini ni maji yaliyovikwa ganda, kwa kuwa takriban asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Ilhali tortiya, ambayo katika mlo huu ni sahani, kijiko na mkate kwa wakati mmoja, haistahimili kuloweshwa. Anayetaka kupika taco upesi hahitaji mikono ya kukimbizana. Anachohitaji ni kujua maji yatoke wapi, na yatoke lini.

Tuanze na hesabu, maana kupika kingi kuliko haja nako hupoteza muda. Watu watano, wakubwa wawili na watoto watatu, watatosheka na tortiya 12 zenye upana wa sentimita 15 hivi: tatu kwa kila mkubwa na mbili kwa kila mtoto. Nusu kilo ya nyama ya kusaga itazitosha, kwa kuwa kila tortiya hubeba vijiko viwili vikubwa vya nyama na si zaidi. Ukizidisha haitakunjika, na isipokunjika mlaji ataanza kuishika kwa mikono miwili na kilichomo kitamwagikia magotini.

Ukishaingia jikoni, kabla hujawasha moto, kata nyanya. Chukua nyanya tatu zilizoiva lakini bado ngumu, ukamue mbegu na ute wake, uzikate vipande vidogo, kisha uzichanganye na nusu ya kitunguu kilichokatwakatwa, konzi moja ya majani ya giligilani na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Watu wa Mexico huiita kachumbari ya namna hii pico de gallo, yaani mdomo wa jogoo. Itie katika chujio lililowekwa juu ya bakuli, uiache. Chumvi itayavuta maji ya nyanya, nayo yatadondoka bakulini wakati wewe unashughulika na mengine. Maji hayo usiyamwage, tutayahitaji baada ya dakika kumi. Ndimu utaikamua juu ya kachumbari dakika ya mwisho kabisa, wakati wa kuandaa meza.

Sasa nyama. Tafuta kikaango kipana kuliko vyote ulivyo navyo, kizito ikiwezekana, ukiweke juu ya moto mkali kwa dakika tatu kikiwa kikavu. Tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kisha itandaze nyama iwe tabaka moja lililokaa kama mkate bapa, halafu uweke mwiko chini. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa sababu mkono wenye mwiko hautulii. Maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi, na maadamu yamo kikaangoni nyama haiwezi kupata joto linalopita hapo. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watoto vyumbani huanza kupatikana vizuri joto linapofika nyuzi 140 na zaidi. Nyama iliyorundikwa, au inayokorogwa kila sekunde, hutoa maji haraka kuliko yanavyoweza kukauka, ikaanza kujichemsha ndani ya maji yake yenyewe, nayo huishia kuwa ya kijivu kama ulivyoona. Ikiwa kikaango chako ni chembamba, gawa nyama mara mbili. Utaongeza dakika nne, lakini utaokoa dakika kumi za kusubiri maji yakauke.

Zaidi ya macho, tumia masikio. Nyama yenye maji hutokota kwa sauti nzito ya kububujika. Maji yakiisha, sauti hupanda ikawa ya kuchachatika, kali na kavu. Ukiisikia sauti hiyo ya pili, ambayo huja kama dakika ya nne, inua pembe moja ya nyama uchungulie. Kama upande wa chini umekolea kahawia, igeuze kwa mapande makubwa, uipe dakika mbili nyingine, kisha ndipo uivunjevunje. Baada ya hapo hapatabaki nyekundu popote. Kwa wenye kipimajoto cha jikoni, nyama ya kusaga ya ng'ombe inapaswa kufikia nyuzi 71, na iliyovunjwa vizuri kwa moto huo hufika bila shida.

Sukuma nyama kando, uweke nusu ya kitunguu iliyobaki na punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa. Vikilainika, tia viungo: vijiko viwili vya chai vya bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko kimoja cha mbegu za giligilani zilizosagwa, kijiko kimoja cha unga wa pilipili nyekundu isiyowasha, na nusu kijiko cha pilipili manga. Viungo hivi viingie kwenye mafuta, si kwenye maji, kwani sehemu kubwa ya harufu yake huyeyuka katika mafuta; dakika moja tu ya kukaangwa inatosha kuvibadilisha kutoka vumbi kuwa chakula. Pakiti za viungo vilivyokwisha kuchanganywa sizikatai, ila nyingi huwa na chumvi kuliko kiungo, kwa hiyo onja kwanza. Ongeza kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, uikaange mpaka wekundu wake ugeuke kuwa wa matofali.

Ndipo uyalete yale maji ya nyanya yaliyodondoka bakulini. Utaniambia kwamba ninayarudisha maji niliyokuwa nikiyafukuza, na ni kweli, lakini haya ni robo kikombe, yana chumvi na ladha tayari, na kazi yake ni moja: kubandua ule ukoko wa kahawia ulioshika chini ya kikaango na kuueneza kwenye nyama. Kwangua kwa mwiko, acha yakauke hata ubaki mng'ao wa mafuta peke yake, kisha onja chumvi. Zima moto, funika.

Wakati nyama ilipokuwa ikijikaanga bila kuguswa, wewe hukuwa umekaa. Hizo ndizo dakika za kukata zukini, na kama jiko lako lina sehemu mbili za moto, ndizo za kuzipika pia. Mboga ninayokupendekezea ni ya huko huko zilikotoka taco; Wamexico huiita calabacitas, maana yake vijiboga, na ni zukini zilizokaangwa pamoja na mahindi mabichi. Ndoa hiyo ni ya zamani sana. Mbegu za maboga zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, katika jimbo la Oaxaca, zina umri wa takriban miaka 10,000, na shamba la kale la Mexico, linaloitwa milpa, huchanganya mahindi, maharage na maboga katika udongo mmoja.

Kata zukini tatu za wastani, kama gramu 600, ziwe vipande vya unene wa sentimita moja na nusu. Ukizikata kuwa karatasi zitarojeka, na hapo chumvi wala moto havitakuokoa. Onja kipande kimoja kibichi: kikiwa kichungu kweli kweli, zukini hiyo itupe, kwani uchungu huo hutokana na kemikali za asili za jamii ya maboga ambazo huumiza tumbo na haziishi kwa kupikwa. Pasha kikaango cha pili, tia mafuta kidogo, weka zukini bila chumvi na bila kifuniko, ziache dakika tatu upande mmoja, zigeuze, kisha ongeza kikombe kimoja cha punje za mahindi na nusu ya pilipili hoho. Mahindi ya kwenye friza yapitishe kwanza katika maji ya moto na kuyachuja vizuri, la sivyo barafu yake itaishia kikaangoni. Dakika nne nyingine zinatosha. Chumvi huingia moto ukishazimwa, pamoja na jibini kidogo iliyosagwa, kwa maana chumvi inayotangulia huyavuta maji nje na kuziacha zukini zikielea. Zikiwa tayari, kisu hupenya kwa urahisi lakini kipande husimama chenyewe.

Tortiya huja mwisho. Zipashe moja moja katika kikaango kikavu, sekunde 20 hadi 30 kila upande, mpaka ziote madoa ya kahawia, kisha uzibebanishe ndani ya kitambaa safi na kuzifungia katika sufuria yenye mfuniko. Mvuke wake wenyewe utazilainisha. Tortiya iliyopoa hukakamaa kwa sababu wanga wake hujikaza, na hiyo ndiyo iliyokupasukia mkononi, nusu kwa ubaridi na nusu kwa maji ya nyama. Kama ni za mahindi na ni nyembamba, bebanisha mbili kwa kila taco, kama wafanyavyo wauzaji wengi wa barabarani kule Mexico.

Chochote utakachofanya, usizijaze jikoni. Niliwahi kuwaandalia wageni kumi taco zilizokwisha kujazwa, nikazipanga kwenye sinia kwa mistari, nikavutiwa na kazi yangu, nikaenda kubadilisha nguo. Nilivyorudi, safu ya chini ilikuwa imeshikamana na sinia, na mgeni wa kwanza aliinua ganda la juu peke yake huku nyama ikibaki chini. Weka mabakuli mezani, nyama, kachumbari, kabichi iliyokatwa nyembamba, jibini, parachichi lililopondwa na ndimu, vipande vya ndimu, na kila mtu ajitengenezee. Kwako wewe huo ni muda ulioshushwa mabegani.

Kuhusu watoto na mboga, sina hila nyingi. Ninatanguliza calabacitas mezani dakika tano kabla ya vitu vingine, wakati njaa ni kali na hakuna cha kushindana nazo. Na mtoto akizitia ndani ya taco yake badala ya kuzila pembeni, mwache.

Ukizipanga kazi kwa utaratibu huu, tangu kukata nyanya mpaka kuita watu ni dakika 35, na kwa mara ya pili zitapungua.

Mama Mpishi, salaam. Mimi ni baba ninayependa kujaribu mapishi siku za mapumziko. Nilitaka kutengeneza tortiya mwenyewe kwa unga wa mahindi wa kawaida. Donge lilimeguka, na kila nilipolisukuma lilipasuka pembeni. Nilizidisha maji likawa uji. Nimekosea wapi?

Ndugu msomaji, mikono yako haina kosa, kosa liko kwenye unga. Mahindi ya tortiya hayasagwi yakiwa makavu. Kwanza huchemshwa katika maji yenye chokaa, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa ili ganda la nje liondoke, ndipo yanaposagwa yakiwa na unyevu. Chokaa huivunja ile gundi ya asili iliyomo katika ganda na kuta za punje, na hivyo donge lake, liitwalo masa, hushikamana lenyewe hata likatandazwa bila kupasuka. Unga wa kawaida haujapitia hayo, na hakuna kiasi cha maji kitakachoufundisha.

Kazi hiyo wenyewe huiita kwa jina lililotokana na Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, nixtamal, ambamo ndani yake mna neno la majivu, kwa kuwa majivu nayo yalitumika. Faida yake inapita donge. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuifaidi vizuri, chokaa huifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, ufundi huu haukufuatana nayo, na maskini walioishi kwa mahindi peke yake wakaugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Majimbo ya kusini mwa Marekani nayo yaliteswa nao mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka daktari Joseph Goldberger, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1914, alipoonyesha kwamba chanzo ni lishe wala si maambukizo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua unga ulioandikwa kuwa ni wa masa au wa tortiya, ambao umekwisha kupitia chokaa na kukaushwa. Huo unahitaji maji ya vuguvugu na chumvi tu. Ukitaka kuchemsha mahindi mwenyewe, tumia chokaa iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, na ile ya kupaka ukutani ibaki ukutani. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayokushauri uanze nayo, ni tortiya za ngano. Zisikufanye ujione umedanganya, kwani kaskazini ya Mexico, hasa jimbo la Sonora, ndizo zinazoliwa.

Changanya gramu 300 za unga wa ngano na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usugue humo vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, kisha utie maji ya moto kiasi, mililita 160 hivi, kidogo kidogo. Kanda dakika tano, ufunike donge, ulipumzishe nusu saa. Mapumziko hayo si ya hiari: gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, iliyokazwa na kukandwa hulifanya donge lijivute nyuma kila unapolisukuma, na nusu saa huilegeza. Gawa matonge 12, sukuma kila moja mpaka uweze kuona kivuli cha kidole chako kwa nyuma, choma katika kikaango kikavu chenye moto mkali, kama dakika moja upande wa kwanza na nusu dakika wa pili. Zisikae motoni mpaka zikauke, maana kwa tortiya peke yake maji kidogo ni rafiki. Siku ya mapumziko tengeneza 24, uzitie karatasi kati yake na kuzihifadhi kwenye friza, nawe utakuwa umejipunguzia kazi ya siku za kazi.

Mdogo wangu, hujambo? Mimi ni bibi ninayeishi na wajukuu wanne. Mmoja, msichana wa miaka 16, ameacha kula nyama, na sitaki kupika vyakula viwili kila jioni. Je, taco za maharage zinaweza kuwashibisha wote?

Sijambo, dada yangu, na shikamoo. Zinaweza, tena ni rahisi kuliko za nyama, alimradi usiwape maharage yenye mchuzi. Fungua makopo mawili ya gramu 400, uyamwage katika chujio na kuyasuuza, uyaache yachuje kwa dakika tano. Kaanga kitunguu kizima mpaka kiwe cha dhahabu, tia viungo vile vile nilivyovitaja juu, ongeza maharage, uponde nusu yake kwa mgongo wa mwiko na nusu uiache nzima. Yaliyopondwa yatashikamana na tortiya, na mazima yatampa mlaji kitu cha kutafuna. Yakaange mpaka mwiko ukipita katikati uache njia inayokaa bila kufunikwa. Ukimaliza, kamua ndimu.

Kama unapika maharage mekundu makavu, yaloweke usiku, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa nguvu katika maji mapya. Maharage mabichi ya aina hiyo yana lektini inayoleta kutapika na kuhara, na moto hafifu hauiharibu. Kwa hiyo usiyatie yakiwa mabichi katika sufuria ya umeme ya kupika polepole. Yakichemka kwa ghasia nusu saa, hatari hiyo imepita, na baada ya hapo unaweza kuyaacha yalainike kwa utaratibu.

Kwa wajukuu wanaotaka nyama, kaanga kidogo pembeni uiweke katika bakuli lake mezani. Binti naye ale maharage bila kujadiliwa. Wote watayachota tu.

Kwako Mama Mpishi. Mwanangu wa miaka saba aliuma kipande cha pilipili kilichojificha katika kachumbari ya taco. Alilia sana, tukampa maji vikombe vitatu na hali ikawa mbaya zaidi. Nifanye nini ikitokea tena?

Maziwa, mwenzangu, au mtindi mzito. Kinachowasha katika pilipili ni kapsaisini, nayo haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Maji huizungusha mdomoni na kuifikisha pale ambapo ilikuwa haijafika. Protini ya maziwa iitwayo kaseini huishika na kuiondoa.

Lakini bora zaidi ni isitokee. Pilipili isiingie katika kachumbari ya wote. Ikatwe katika kisahani chake, mbali na mikono midogo. Ukitaka harufu yake bila ukali mwingi, ondoa ule utando mweupe unaoshika mbegu, kwa kuwa humo ndimo kapsaisini ilimojaa, na mbegu zenyewe huwasha kwa sababu zimegusana nao. Kisha osha mikono kwa sabuni kabla hujamfuta mtoto machozi.

Mama Mpishi, kwetu taco hubaki kila mara. Vitu gani vihifadhiwe na vipi vitupwe? Na je, yale maganda magumu yaliyokunjwa, yanayouzwa kwa maboksi, ni taco za kweli?

Nianze na la pili. Ganda gumu lilienezwa na Wamexico waliohamia Marekani. Mmoja wao, Juvencio Maldonado wa New York, alipata hataza ya kifaa cha kuyakaangia mwaka 1950. Kwa hiyo yana wazazi wanaojulikana, na mimi siwezi kuyaita bandia. Kasoro yake ni kwamba huvunjika kwa jino la kwanza na hulainika vibaya yakipata unyevu. Yapashe katika oveni dakika tano, na kabla ya nyama tandika jani la saladi chini, liwe kizuizi.

Masalio sasa. Nyama na maharage yaingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu yalipotoka motoni, au saa moja ikiwa joto la chumba linapita nyuzi 32, katika chombo kipana ili yapoe upesi. Yatakaa siku tatu hadi nne, na yapashwe mpaka yatoe mvuke kote. Zukini zile zitalegea, lakini zikivunjiwa mayai mawili zinakuwa mlo mwingine. Kachumbari ya siku ya pili huwa imeshajitoa maji, ichuje tena. Parachichi lililopondwa hugeuka rangi kwa sababu ya hewa, hivyo likamulie ndimu na kulifunika kwa karatasi ya plastiki inayogusa uso wake moja kwa moja, bila nafasi. Rangi ya kahawia ya juu si sumu. Ikwangue.

Tortiya za mahindi zilizokauka usizitupe kamwe. Zikate pembetatu, uzikaange mpaka zilie ukizigonga, uzichuje mafuta, kisha uzigeuzegeuze katika mchuzi wa nyanya uliochemka, na juu uweke jibini na yai la kukaanga. Wamexico hukiita chilaquiles na hukila asubuhi. Mchuzi uingie watu wakiwa wameshaketi, na sahani zikiwa tayari mbele yao.